Ekzosi ya Lori kwenye Landrova Yetu

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wenye pembe ndefu, naogopa daraja la miti hata likiwa juu ya kijito ambacho kuku anaweza kukivuka bila kulowa tumbo. Mume wangu alinioa akijua. Alizoea kuwatania wageni kwamba nyumbani kwake mbwa hahitajiki, kwa kuwa mkewe husikia mchakacho kabla panya mwenyewe hajaamua kutembea. Nami nilimjibu kwamba wahenga walishalimaliza neno hilo zamani: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Landrova ilikuja kwetu wakati wa ruksa, serikali ilipoiachia biashara. Watu wa rika langu wanaujua wakati huo hata bila kuambiwa mwaka. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikajaa sokoni Sumbawanga, na mahindi ambayo tulizoea kuyauza ushirika tu yakaanza kufuatwa na wanunuzi wenye malori, waliotundika mizani yao kando ya barabara pale Laela. Mume wangu alikuwa dereva wa ushirika. Ushirika ulipoyumba, madereva walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa kazi, naye akarudi nyumbani na koti lake la kazini na ujuzi wa kila shimo la barabara za Ufipa. Taasisi moja ilikuwa inauza magari yake makuukuu. Tukauza ng'ombe wetu wa kulimia, tukapata Landrova ya petroli, ndefu, yenye nafasi ya watu watatu mbele, na nyuma bodi ya wazi yenye vyuma vya kufungia turubai, tukaanza kubeba abiria na mizigo.

Gari lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Milango ilifungwa kwa kamba, sakafu ya bodi ilikuwa imeliwa na kutu tukaiziba kwa magunia, na ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi, ilikuwa imening'inia kwa waya mithili ya utumbo wa mbuzi kwenye ndoano ya bucha. Mara nyingine ilianguka njiani, nikashuka kwenda kuiokota ikiwa bado ya moto, nikiwa nimejifunga kitambaa mkononi. Safari moja tulipokuwa tunatoka Laela ilikatika kabisa. Mume wangu akasema sasa basi, ni lazima tuweke nyingine.

Hapo ndipo lilipoanza swali la bomba gani. Mimi nilitaka lile lile la kawaida, lenye sailensa yake ya kupunguza mlio, ambalo tungeagiza kwa watu waendao Mbeya. Lakini fundi aliyekuwa na uwanja wake nyuma ya soko alikuwa na mawazo mengine. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye sauti kubwa, na alipenda kuyasema magari kana kwamba ni wagonjwa wake.

"Hii injini umeiziba pua, mzee," alimwambia mume wangu. "Mtu ukimziba pua atapanda mlima? Sailensa ndiyo inakula nguvu. Nikuwekee bomba nene la lori, tupu, moshi utoke moja kwa moja. Gari litapumua mpaka wewe mwenyewe utalishangaa."

"Na litaishia wapi hilo bomba?" nikauliza.

"Nalikata hapa katikati, chini ya bodi. Likifika mpaka nyuma, yale mawe ya mlima wa Ilemba yatalichukua tena. Si mmeona lile la kwanza?"

"Na moshi?"

"Mama, kwa upepo huu wa Sumbawanga, moshi utakaa?"

Akacheka, na mume wangu akacheka, na kusema kweli upepo wenyewe wakati ule ulikuwa unapeperusha vumbi la uwanja mzima na kunijaza machoni. Nikafuta vumbi machoni, nikayaacha. Wala sikuwa nimefikiria moshi sana. Mimi niliogopa kelele.

Na kelele zilikuja. Lile bomba lilipochomelewa na injini ikawashwa, kuku wa jirani walitawanyika, na mwanangu mchanga, aliyekuwa amelala mgongoni, aliruka kama aliyemwagiwa maji. Mume wangu alikuwa ameshika usukani anatabasamu. Safari ya kwanza ya Laela watu walikuwa wameshajipanga barabarani na mizigo yao kabla hatujatokeza, maana walitusikia tukiwa bado mbali. Kwa biashara yetu hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu siku hizo kila mwenye gari aligombea abiria. Na sitaki kusema uongo: gari lilipanda. Vilima ambavyo zamani tulivipanda kwa kutambaa, huku mimi nikisali rozari nzima, sasa tulivipanda huku mume wangu akipiga mluzi ambao hakuna aliyeusikia.

Ila mimi sikuwa na raha. Zamani nilikuwa nasikia abiria wakiongea kule nyuma, wakibishana, wakiimba nyimbo za kanisani, na masikio yangu yalipumzika kwa kusikia hivyo. Sasa kilichosikika ni bomba tu. Tukakubaliana na abiria kwamba anayetaka kushuka agonge bodi kwa nguvu, kwa fimbo au kwa jiwe, nasi tungeuhisi mtikisiko hata kama mlio hatuusikii.

"Umepata nguvu, lakini umekuwa kiziwi," nilimwambia mume wangu.

"Kiziwi anayefika ni bora kuliko msikivu aliyekwama mlimani," akanijibu.

Mwaka huo huo mdogo wangu, aliyeolewa Ilemba, kwenye bonde la Rukwa, alijifungua. Mama yetu akateremka bondeni kumlea mzazi, kama ilivyo desturi, na akakaa huko mpaka kitovu kikadondoka na mtoto akaanza kushika matiti vizuri. Ikawa sasa ni zamu yetu kwenda kumchukua kumrudisha nyumbani kwake, kijiji kilicho upande wa pili wa mji. Ulikuwa mwezi wa saba.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu mama yangu na mume wangu, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Kwa wazee wetu, mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai benchi moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha pembeni na kuangalia majani. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa, na mama yangu aliishika kuliko wanawake wote ninaowajua. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kumwambia mume wangu neno moja kwa moja. Alikuwa ananiambia mimi, "Mwambie mkwe ahsante kwa sukari," na mkwe yupo hapo hapo anasikia, anajibu kwa kuniangalia mimi, "Mwambie mama asijali."

Kwa hiyo tulipofika Ilemba na mimi nikamfungulia mama mlango wa mbele, aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo.

"Nikakae bega kwa bega na mkwe? Mwanangu, una akili?"

"Mimi nitakaa katikati, mama. Na mtoto."

"Nyuma kuna nafasi."

Akaenda nyuma. Mume wangu alikuwa amejifanya anakagua tairi la upande wa pili mpaka mama alipokwisha kupanda.

Abiria wengine walikuwa watatu. Wanawake wawili wafanyabiashara wa samaki wakavu waliokuwa wanapeleka mzigo mjini, na mzee mmoja Msukuma, mfugaji, ambaye familia yake ilikuwa imehamia bondeni na mifugo yao, lakini kundi moja la ng'ombe alikuwa amelipeleka juu kwa ndugu yake. Alikuwa na fimbo ndefu na blanketi jekundu begani, na aliniambia mara mbili kabla ya kupanda, "Mama, mimi nashuka njia panda. Nitagonga." Bondeni kulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Turubai lilikuwa limekunjwa lote juu, upepo unaingia kila upande, na magunia ya mpunga tuliyapanga nyuma ya viti vyetu mpaka yakaziba kile kidirisha cha kuchungulilia abiria.

Tukaanza kupanda Lyamba lya Mfipa. Ni mlima wa kumtoa mtu roho. Upande mmoja kuna ukuta wa mawe, upande mwingine kuna hewa tu, na chini kabisa bonde limelala na ziwa linang'aa mbali. Niliweka macho kwenye magoti yangu. Gari lilinguruma na kuzunguka kona moja baada ya nyingine bila kusita hata mahali pale penye mawe makubwa ambapo zamani tulikuwa tunawashusha abiria watembee. Mume wangu alinipiga begani, akapaaza sauti sikioni mwangu, "Unaona faida?" Nilikubali kwa kichwa. Ningekubali lolote mradi aangalie mbele.

Aliyewahi kutoka bonde la Rukwa mwezi wa saba akapanda Ufipa anajua hali inavyogeuka. Unaacha jasho chini, unafika juu unakuta upepo unaokata masikio. Tulisimama kileleni ili injini ipoe, na abiria wakafanya kile ambacho kila abiria wa kwetu hukifanya akifika pale: wakateremsha turubai, wakalifunga kwa kamba kutoka ndani, pande zote na nyuma, wasiache hata upenyo wa kidole. Nilikwenda kumpa mama shuka langu kabla hawajamaliza kufunga. Wale wanawake walikuwa wanamhamisha. Mmoja alikuwa amegundua kwamba pale ndani kabisa, karibu na magunia, sakafu ilikuwa na joto.

"Mama, njoo ukae huku," alikuwa anamwambia, "huku pana joto zuri. Wewe ni mtu mzima, huku mlangoni baridi itakuua."

Yule mzee Msukuma alisogea akampisha. Mama akakaa, akaweka kiganja chake juu ya gunia la sakafuni, akaniambia kwa Kifipa kwamba pale ni kama kukaa mekoni. Alikuwa amefurahi. Akatoa rozari yake, nami nikafunga kamba ya mwisho kwa nje, nikarudi mbele.

Bomba lile nene lilikuwa linaishia pale pale chini yake.

Tulikwenda. Kule juu barabara ni nyoofu, mashamba ya ulezi yamekwisha kuvunwa, nchi ni tupu na ya rangi ya simba mpaka macho yachoke. Mtoto alikuwa amelala. Mimi nilikuwa nimeanza kutulia, jambo ambalo kwangu halitokei mara nyingi, na labda ndiyo maana lilidumu muda mfupi. Tulikaribia njia panda. Mume wangu akapunguza mwendo kwa mazoea ya dereva, akasubiri mgongo wake uhisi fimbo kwenye bodi. Hakuna kilichogonga. Akaongeza mafuta, tukapita.

"Yule mzee hajashuka," nilipiga kelele.

"Atakuwa ameghairi. Anakwenda mjini."

Nikageuka kuangalia nyuma, nikaona magunia. Nikageuka mbele tena. Siwezi kusema nilijua, maana sikujua. Nilichojua ni kwamba mtu aliyeniambia mara mbili atagonga hakugonga.

"Simamisha gari."

"Amelala tu, mama watoto."

"Mtu mwenye ng'ombe halali akikaribia ng'ombe wake. Simamisha."

"Tukisimama kila unapoogopa, tutafika lini?"

Nikashika kamba ya mlango. Nikamkumbatia mtoto hata akaamka. Nikamwambia, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuitambua, kwamba asiposimama naruka na mtoto wake kifuani. Aliniangalia, akaona sitanii. Akakanyaga breki, akazima injini.

Nimesafiri sana tangu siku ile, na nawaambia, gari likisimama ghafla nyikani watu huongea. Kuna atakayeuliza tumefika wapi, kuna atakayesema tairi hilo, kuna atakayelalamika. Mlio wa bomba ulipokatika tulibaki tunasikia upepo peke yake, na turubai likijipigapiga. Kule nyuma hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyekohoa. Niliogopa woga ambao sikuwa nao hata siku ya uchungu wa kwanza wa uzazi, nikashuka na mtoto.

"Mama," niliita. "Mama."

Mume wangu alikuwa ameshakata kamba kwa kisu cha magunia. Turubai la nyuma likaanguka. Ilitoka hewa ya uvuguvugu, yenye harufu ya samaki na nyuma yake harufu ya petroli, si kali, harufu ambayo mtu angeipuuza. Yule mwanamke mmoja alikuwa amelaza kichwa kwenye tenga lake, mdomo wazi. Upepo ulipompiga usoni alianza kugumia. Mwenzake alikuwa anatikisa kichwa polepole kama mlevi, macho yanatuona na hayatuoni. Mzee Msukuma alikuwa na fimbo mkononi. Nadhani alikuwa ameishika ili agonge. Alijaribu kusimama, akaanguka juu ya ubao wa nyuma, akateleza mpaka chini kwa magoti na kuanza kutapika.

Mama alikuwa ndani kabisa. Amekaa vile vile tulivyomwacha, shuka langu mabegani, kichwa kimeinama upande mmoja juu ya gunia la mpunga, rozari imezunguka vidole. Uso wake ulikuwa umetulia. Utulivu ule ndio ulionitisha kuliko yote, maana mama yangu hata usingizini alikuwa mtu wa kukunja uso.

Niliita tena. Hakutikisika.

Nilikuwa na mtoto mkononi analia, na mbele yangu kulikuwa na ubao wa nyuma, matenga, na wanawake wawili wasiojiweza. Mama alikuwa mwanamke wa mwili, mimi ni kijiti. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amesimama pale na kisu mkononi, na mikono yake ilikuwa imeganda. Nilimwona anaangalia ndani, halafu anaangalia pembeni, kwenye majani, kama alivyofundishwa tangu kijana. Mtu aliyepanda Lyamba lya Mfipa akipiga mluzi alikuwa ameogopa kumshika mwanamke mzee.

"Mbebe," nikamwambia.

"Ni mama yako."

"Ndiyo, ni mama yangu. Mbebe."

Akavua kofia. Sijui kwa nini, labda hata yeye hajui. Akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani, akaiweka chini, akaruka ndani ya bodi. Akavuka matenga, akapiga goti, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya mama na mwingine mgongoni, akamwinua. Kichwa cha mama kilimwangukia kifuani. Akatoka naye akiwa anapumua kwa nguvu, mimi nikimshika miguu kwa mkono mmoja, na tukamlaza kwenye majani makavu, uso kwenye upepo.

Nilimfungua kanga shingoni. Nilimpiga mashavu. Nilimwita kwa majina yote anayoitwa, hata jina la utotoni ambalo mtoto haruhusiwi kulitamka. Mume wangu alikuwa bado amemshikilia kichwa, hakujua kama akiweke chini au asikiweke. Ule upepo wa Ufipa ambao nimeulaani maisha yangu yote ulikuwa unavuma juu yetu, nami nilikuwa nauomba uvume zaidi, uvume umwingie. Naye alikuwa mzito na wa uvuguvugu, na sikujua uvuguvugu ule ni wa uhai au ni wa sakafu.

Muda gani ulipita sijui. Kwanza kifua kilipanda, kikashuka. Halafu akakohoa, akatapika kwenye mkono wa mume wangu, na macho yakafunguka nusu. Yalitangatanga angani, yakashuka, yakaukuta uso uliokuwa juu yake. Ndipo nilipoona mkono wake wa kulia unapapasa, dhaifu, unatafuta kitu kifuani. Nilidhani anatafuta rozari. Alikuwa anatafuta ncha ya kanga. Akaipata, akaivuta polepole mpaka ikamfunika uso, kwa sababu mkwe alikuwa anamwangalia.

Nikalia pale pale nikiwa nimekaa kwenye majani. Nilijua kwamba yule ni mama yangu na kwamba yu hai.

Tuliingia mjini turubai likiwa limetupwa pembeni, wote wanatetemeka kwa baridi, mume wangu anaendesha polepole na kila mara anageuza shingo kuangalia. Tulikuwa tumeyatoa magunia kwenye kidirisha, tukayaacha mengine njiani. Hospitali walilazwa, wakapumzishwa, wakapewa maji na hewa. Muuguzi mmoja alitusikiliza, akasema kila kipupwe wanaletewa watu wa namna hiyo, wale wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga madirisha. Akasema wengi hawaamki. Alisema hivyo kwa upole, huku anakunja shuka. Yule mzee Msukuma alipopata nguvu aliniuliza kitu kimoja tu: kama tumeipita njia panda.

Mume wangu hakungoja fundi. Asubuhi alilala chini ya gari mwenyewe na msumeno wa chuma, akalikata lile bomba, akalipeleka uwanjani nyuma ya soko na kulitupa mbele ya mwenyewe. Fundi alisema kosa si la bomba, kosa ni la turubai. Alikuwa na ukweli wake. Bondeni lile bomba halikumdhuru mtu, na mlimani lilitusaidia. Lakini sisi si watu wa bondeni. Gari la Ufipa ni gari la kufunga turubai, na mwenye joto kidogo humpa aliye mkubwa wake. Ekzosi isiyojua hivyo haitufai, hata ingelipandisha gari mbinguni.

Tukaagiza bomba la kawaida, lenye sailensa, refu mpaka nyuma kabisa, na mume wangu akaongeza kipande ili lipite mwisho wa bodi. Mawe yaliligonga, tukalifunga tena kwa waya. Gari likarudi kutambaa mlimani, na pale penye mawe makubwa abiria wakarudi kushuka na kutembea. Madereva wengine walitupita wanacheka. Mpaka leo mtu mwenye gari kuukuu akija kuniuliza kama inafaa kuliwekea bomba nene lipate nguvu, namuuliza kwanza nyuma atamkalisha nani.

Mama alipopona alimtumia mume wangu jogoo, kwa mkono wangu, kuosha ile aibu ya kushikwa. Mume wangu naye akampelekea shuka jipya, kwa mkono wangu huo huo. Nikadhani yamekwisha, tumerudi kwenye heshima yetu ya kuangalia majani.

Safari iliyofuata tulikuwa tunampeleka Laela, kwenye msiba wa ndugu. Alifika kwenye gari, akaliangalia lile turubai kwa muda, akazunguka, akafungua mlango wa mbele mwenyewe na kupanda. Nikakaa katikati, mtoto mapajani, mama dirishani amejifunika kanga mpaka puani, mume wangu kwenye usukani amejibana upande wake. Kioo cha mama kilikuwa wazi chote na baridi ilikuwa inatuchoma. Hakuna aliyekifunga. Tukatoka mjini. Gari lilikuwa kimya, maana lilikuwa na sailensa sasa, na ndani kulikuwa kimya vile vile, huku mmoja ananipumulia upande huu na mwingine upande ule.

Ukimya ule nikaanza kuuogopa. Nilimwangalia mama, macho yake yalikuwa yamefumba.

"Ongeeni," nikasema. "Tafadhali, mtu yeyote aongee."

Nilihisi machozi yanakuja. Ndipo mume wangu aliposafisha koo, akaangalia barabara mbele yake, akasema, si kwangu:

"Shikamoo mama."

Kanga ya mama ilitikisika. Akafungua macho, akaangalia mashamba kupitia dirisha.

"Marahaba, baba," akasema. "Ulezi wenu umekuwaje mwaka huu?"